Kuchagua Kamera ya Video ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapotaka kamera ya kurekodia familia: mtoto anapoanza kutembea, sherehe, michezo ya shule, safari, wazee wakisimulia ya zamani. Majibu yana msimamo, tusidanganyane. Kwa video za nyumbani, sauti inayosikika na picha iliyotulia vina faida kuliko wingi wa pikseli, na ushauri karibu wote hapa chini unatoka kwenye imani hiyo.

Simu yangu inarekodi 4K. Kamera ya video ya nini tena?

Huenda huihitaji. Kama unachorekodi ni klipu za nusu dakika, watu wakiwa hatua mbili tatu kutoka ulipo, simu nzuri ya miaka ya karibuni inatosha kabisa. Kwenye chumba chenye mwanga hafifu, baadhi ya simu huishinda kamera ya video ya kawaida, kwa sababu zina programu kali za kusafisha picha.

Kamera ya video inaanza kujilipa kwenye mambo manne. La kwanza ni umbali: mtoto yuko jukwaani, wewe umekaa mstari wa kumi na tano. La pili ni muda: hafla ya saa mbili huwezi kuirekodi kwa simu bila betri kulalamika, simu kupata moto, au mtu kukupigia katikati ya hotuba. La tatu ni mkono. Kamera ya video imeundwa kushikwa, ina mkanda unaokumbatia kiganja na kitufe cha zumu kikiwa chini ya kidole, na tofauti hiyo utaisikia kwenye bega baada ya robo saa. La nne ni tundu la maiki, ambalo nitalirudia kwa kirefu kwenye swali la sauti.

Kama katika manne hayo hakuna linalokugusa, baki na simu na fedha hiyo nunua stendi na maiki ndogo.

Kuna kamera za bei ya chini sana zilizoandikwa "4K", "megapikseli 48", "zumu 16X". Zina nini?

Mara nyingi zina boksi zuri. Kizuri chajiuza, na hizi zinajitembeza kwa namba.

Acha boksi, itazame kamera yenyewe kwa mbele. Kwenye pete inayozunguka lenzi kuna maandishi madogo. Kamera yenye zumu ya kweli huandikwa namba mbili za milimita zenye kistari katikati, kwa mfano 2.8–89.6 mm. Gawanya kubwa kwa ndogo: 89.6 kwa 2.8 ni 32. Hiyo ndiyo zumu ya lenzi, mara 32. Ukikuta milimita za namba moja tu, bila kistari, lenzi hiyo haivuti chochote. "16X" ya kwenye boksi ni zumu ya kidijitali, yaani kamera inakata kipande cha katikati ya picha na kukitanua hadi kijae skrini. Sura ya mtu inageuka vipande vya rangi.

Ile "4K" nayo mara nyingi ni ya kutanuliwa: kihisi (kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga) kinanasa picha ndogo, halafu programu inajaza pikseli za katikati kwa kukisia. Faili linakuwa kubwa, lakini nywele na nyusi hazionekani vizuri zaidi. Megapikseli 48 ni hesabu ya picha mnato, tena yenyewe ya kukisiwa vilevile. Kwa video, 4K kamili yenye pikseli 3840 kwa 2160 ni megapikseli 8.3 tu.

Ukipewa kamera kama hizo kama zawadi, mpe mtoto ajifunzie. Kwa kumbukumbu ambayo haitarudi tena, usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Nahitaji zumu ya mara ngapi?

Kwa matumizi ya nyumbani, zumu ya lenzi ya mara 10 hadi 20 inatosha. Zaidi ya hapo, picha iliyovutwa hadi mwisho haishikiki kwa mkono, hata mapigo ya moyo wako yanaonekana kwenye skrini.

Kitu ambacho wanunuzi wengi hawaulizi ni upande wa pili: lenzi inapanuka kiasi gani? Ukiwa sebuleni na ukuta uko mgongoni, huwezi kurudi nyuma. Tafuta kwenye maelezo kipimo kinacholinganishwa na filamu ya milimita 35. Kamera inayoanzia milimita 25 hadi 28 inawaingiza watu wote wa meza moja, ile inayoanzia 40 inakata wa pembeni. Video nyingi za familia hurekodiwa ndani ya nyumba, kwa hiyo mimi ningechukua upana kuliko zumu ndefu bila kusita.

4K au Full HD?

Full HD ni pikseli 1920 kwa 1080. 4K ni mara nne ya hapo kwa idadi. Kwenye televisheni ya kawaida, ukiwa umekaa mbali kidogo, Full HD iliyorekodiwa vizuri inapendeza mno, na kompyuta yoyote ya kawaida inaihariri bila kukwama.

Faida ya 4K nyumbani ni moja ambayo watu hawaitaji sana: unaweza kukata. Ukirekodi kwa 4K na kutengeneza video ya mwisho kwa Full HD, una ruhusa ya kuisogeza picha karibu mara mbili wakati wa kuhariri bila kupoteza ubora. Mtoto aliyekuwa pembeni unamleta katikati. Kwa mtu anayerekodi peke yake huku akiwa na mambo mengine ya kufanya, hilo ni jambo kubwa.

Gharama yake ni faili kubwa, kadi ya kasi zaidi, na kompyuta yenye nguvu. Kama kompyuta yako ni ya zamani na huna mpango wa kuibadilisha, rekodi Full HD na ulale usingizi.

Fremu ngapi kwa sekunde? Na kwa nini taa zinametameta kwenye video zangu?

Maswali mawili, jibu moja. Taa nyingi zinazotumia umeme wa njia kuu huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Asia zina umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), hivyo taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Marekani na baadhi ya nchi nyingine zina hezi 60, na taa hupepesa mara 120. Jicho halioni, kamera inaona.

Kwenye hezi 50, weka kamera kwenye fremu 25 au 50, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Kwenye hezi 60, weka fremu 30 au 60, shata 1/60 au 1/120. Kamera nyingi zina menyu ya kuchagua PAL (50) au NTSC (60), ila baadhi zimefungwa upande mmoja kulingana na soko zilikouzwa. Angalia hilo kabla ya kuagiza kutoka nchi nyingine.

Fremu 50 au 60 zinafaa watoto wakikimbia na michezo. Fremu 25 au 30 zinatosha mazungumzo na sherehe, na zinaipa kamera nafuu gizani.

Kihisi kikubwa kina faida gani?

Mwanga. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 kina upana wa takriban milimita 13.2 na kimo cha 8.8. (Hakuna inchi yoyote hapo, jina limerithiwa kutoka enzi za kamera za mirija ya kioo.) Kile cha 1/2.3, kinachopatikana kwenye vifaa vidogo vingi, ni kama milimita 6.2 kwa 4.6, yaani robo tu ya eneo hilo. Mwanga ukipungua, kamera yenye kihisi kidogo inalazimika kuikuza ishara kwa nguvu, na hapo ndipo picha inaanza kuwa na chenga.

Tazama pia namba ya f kwenye pete ya lenzi. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga mara nne ya lenzi ya f/3.6. Ukikuta imeandikwa namba mbili, kwa mfano 1.8–4.5, maana yake lenzi inabana mwanga kadiri unavyovuta zumu. Ndiyo sababu ukiwa ukumbini jioni, ni bora usogee kwa miguu kuliko kuvuta kwa zumu. Na kabla ya kuilaumu kamera, washa taa nyingine moja chumbani. Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachoboresha video kuliko taa.

Picha zangu zinatikisika. Nitafute nini?

Tafuta kamera yenye utulizaji wa lenzi, yaani vipande vya kioo au kihisi chenyewe vinasogea kupinga mtikiso wa mkono. Utulizaji wa kielektroniki hufanya kazi kwa kukata kingo za picha na kuisogeza sogeza iliyobaki. Unasaidia, lakini unapunguza upana wa picha, na gizani huacha alama ya kuudhi: picha imetulia huku vitu ndani yake vikipata ukungu wa ghafla kila unapokanyaga.

Majaribio ni rahisi. Vuta zumu hadi nusu, elekeza kwenye kitu chenye mistari iliyonyooka kama fremu ya mlango, hesabu hadi kumi, kisha zima utulizaji na urudie. Tofauti isipoonekana, hakuna utulizaji wa maana humo.

Angalizo moja kwa vihisi vya CMOS, ambavyo ndivyo viko karibu kwenye kamera zote za sasa: husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Ukigeuza kamera haraka, nguzo zinalala upande kama zinataka kuanguka. Hakuna mpangilio unaoondoa hilo, dawa ni kugeuka polepole.

Maiki ya ndani ya kamera haitoshi?

Inatosha kama mnayezungumza naye yuko karibu kuliko mita mbili na hakuna upepo. Nje ya hapo, haitoshi, na hakuna kamera ya nyumbani ambayo maiki yake ya ndani itakuokoa.

Fikiria bibi anasimulia habari za utoto wake barazani. Kamera iko mita tatu, feni inazunguka, watoto wanacheza nyuma. Ukitazama baadaye, sura yake ni safi, kila kunyanzi kinaonekana, lakini maneno yamezama ndani ya mvumo wa feni. Sasa fikiria kinyume chake: picha ina chenga kidogo lakini kila neno linasikika, hata pumzi anayovuta kabla ya kutaja jina la ndugu yake. Hiyo ya pili wajukuu wataitazama. Ya kwanza wataifunga dakika ya pili.

Kwa hiyo, hitaji la kwanza kabisa kwenye orodha yako liwe tundu la maiki la milimita 3.5. Watengenezaji wengi huliondoa kwenye kamera zao za bei ya chini kabisa, na ukishanunua bila tundu hakuna namna nzuri ya kuliongeza. La pili ni tundu la hedifoni. Bila kusikiliza unachorekodi, utagundua kwamba waya ulilegea siku unapofungua faili, wakati wageni walishaondoka.

Ukiwa na tundu, chagua maiki kwa kazi. Kwa mahojiano na masimulizi, maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ya waya, ndiyo bora kwa fedha kidogo. Ibane kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na ushungi, maana vitaikwaruza. Kwa sherehe na watoto wanaohama hama, maiki fupi ya kuelekeza, inayokaa juu ya kamera, inatosha, mradi uwe karibu. Maiki ya kuelekeza haivuti sauti ya mbali, inachofanya ni kupunguza sauti za pembeni. Za bila waya zimekuwa nyepesi na rahisi kutumia, ila nazo zina betri zake za kukumbuka kuchaji.

Nje, weka manyoya. Ule mfuko wa manyoya bandia juu ya maiki unaonekana kama mzaha, lakini kipande cha sponji peke yake hakizuii upepo wa kweli, na mngurumo wa upepo ukishaingia kwenye rekodi hakuna programu inayoutoa bila kuila sauti ya mtu pia.

Kitu kingine: kamera nyingi hupandisha na kushusha sauti zenyewe. Watu wakinyamaza, kamera inaongeza usikivu na mvumo wa chumba unapanda, mtu akianza kusema, unashuka ghafla. Kama menyu yako ina kiwango cha sauti cha kuweka kwa mkono, kiweke hivi: mwombe mzungumzaji aseme kwa sauti yake kubwa kabisa, rekebisha hadi vijiti vya sauti vibaki chini ya eneo jekundu, kisha usiguse tena.

Na njia ya maskini, ambayo mimi naiheshimu sana: weka simu ikiwa inarekodi sauti mezani karibu na mzungumzaji, kamera iendelee na picha yake. Mwanzoni piga kofi moja mbele ya lenzi. Wakati wa kuhariri, unalinganisha mlio wa kofi kwenye faili zote mbili, basi.

Ninunue kadi gani ya kumbukumbu?

Kwanza tenganisha herufi mbili. Kasi ya video huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, b ndogo. Kasi ya kadi huandikwa kwa megabaiti kwa sekunde, B kubwa. Baiti moja ni biti nane. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu.

Pili, namba kubwa iliyochapishwa katikati ya kadi, 170 MB/s na kadhalika, ni kasi ya kusoma, tena siku kadi ikiwa na bahati nzuri. Kamera inajali kasi ya chini kabisa ya kuandika, na hiyo iko kwenye alama ndogo ya pembeni: V30, au 3 iliyo ndani ya herufi U. Zote mbili zinaahidi kutoshuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. Kwa kamera ya nyumbani, V30 inatosha. V60 na V90 ni za watu wa kazi nyingine.

Ukubwa: kadi ya GB 64 inabeba karibu saa sita za video ya megabiti 24, saa mbili na dakika 50 za megabiti 50, au saa moja na dakika 25 za megabiti 100. Ni heri kadi mbili za GB 64 kuliko moja ya GB 128. Moja ikiharibika, bado una nusu ya sherehe.

Kadi bandia zimejaa. Nyingine huonyesha GB 256 kwenye kompyuta huku ndani ina 16, na ikijaa huandika juu ya ulichorekodi mwanzo. Ijaze kadi mpya yote kabla ya kuitegemea. H2testw kwenye Windows na F3 kwenye Linux au Mac ni programu za bure zinazofanya ukaguzi huo.

AVCHD, MP4, XAVC S, H.265: nichague ipi?

MP4 kama ipo, na H.264, njia ya kubana video, ndani yake. XAVC S ya Sony ni ya namna hiyo hiyo. Inafunguka karibu kila mahali.

AVCHD ilitangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Picha yake ni nzuri, ila inazihifadhi klipu ndani ya mtiririko wa mafolda, na rekodi ndefu inakatwa vipande. Ukinakili, chukua folda nzima kama ilivyo, usichomoe faili moja moja. Ukiunganisha vipande kienyeji, kwenye maungio utasikia sauti ikikatika kidogo, tumia programu iliyokuja na kamera au inayoielewa AVCHD. H.265 inaokoa nafasi, lakini kompyuta za zamani huikimbia kwa kwikwi.

Betri itakaa muda gani?

Chukua muda ulioandikwa kwenye maelezo na ugawe kwa mbili. Watengenezaji hupima kurekodi mfululizo. Ukiwasha, ukazima, ukavuta zumu na kutazama ulichorekodi, mara nyingi unapata karibu nusu.

Nunua betri ya pili, kubwa kuliko ya kwanza kama kamera inaikubali. Kwenye kamera ambayo betri yake inaingia ndani kabisa ya mwili, ukubwa hauongezeki, hilo liangalie mapema. Uliza pia kama inaweza kurekodi huku imechomekwa kwenye chaja au pawabenki, kwani baadhi huchaji tu zikiwa zimezimwa. Kwa kuhifadhi muda mrefu, iache na chaji ya takriban nusu, mahali pasipo joto.

Si bora nichukue kamera ya picha inayobadilishwa lenzi?

Kama unapenda picha mnato pia, na uko tayari kujifunza, ndiyo. Kihisi chake ni kikubwa zaidi na gizani haina mpinzani. Lakini pima mambo haya: lenzi nyingi hazina zumu ya mota, kwa hiyo kuvuta polepole bila mtikiso ni kazi, baadhi hupata moto na kujizima zikirekodi 4K muda mrefu, na kwenye matoleo mengi ya zamani kidogo rekodi hukatika dakika ya 29 na sekunde 59. Kikomo hicho kilitokana na ushuru wa Umoja wa Ulaya, ambao ulihesabu kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video na kuitoza zaidi. Kamera za video zenyewe hazina kikomo hicho.

Kisha kuna suala la nani ataishika. Kama ni wewe tu, sawa. Kama utamkabidhi shangazi ili nawe uonekane kwenye video angalau mara moja, kamera yenye kitufe kimoja chekundu ndiyo itakayorudi na picha.

Niko tayari kununua iliyotumika. Nikague nini?

Soko la kamera za video za nyumbani limesinyaa tangu simu zilipoingia, na majina makubwa yaliyobaki ni machache, Canon, Panasonic na Sony wakiwemo. Matokeo yake, kamera nzuri za miaka kadhaa iliyopita zinauzwa na watu waliozitumia mara chache tu. Ni mahali pazuri pa kutafutia.

Nenda na kadi yako. Funika lenzi kwa kiganja, rekodi dakika moja, tazama kwenye skrini kubwa: nukta nyeupe au nyekundu zisizohama ni pikseli zilizoharibika. Elekeza lenzi kwenye taa ukiangalia kwa pembeni, ukiona utando mweupe kama uzi wa buibui ndani ya kioo, ni ukungu, achana nayo. Fungua na kufunga skrini ya pembeni polepole huku ikionyesha picha. Ikizima zima kwenye pembe fulani, waya wa bawaba umechoka. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho ukisikiliza, isikwaruze. Chomeka maiki na hedifoni, zungusha plagi kidogo. Mwisho, hakikisha chaja ni yake na betri za aina hiyo bado zinapatikana.

Nina kaseti za MiniDV. Je, ninunue kamera ya kaseti?

Kwa kurekodi upya, hapana. Kwa kuzihamisha, ndiyo, au iazime. MiniDV ilikuja mwaka 1995, na tayari ni ya kidijitali: megabiti 25 kwa sekunde za picha, karibu GB 13 kwa saa moja. Ukiihamisha kwa waya wa FireWire, ambao Sony waliuita i.LINK, unapata nakala kamili ya kilichomo kwenye mkanda. Ukipitia waya za njano, nyekundu na nyeupe, unapata picha iliyogeuzwa mara mbili, dhaifu kidogo. Kompyuta mpya hazina tundu la FireWire, tafuta ya zamani inayofanya kazi.

Kaseti ya saa moja inahamishwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato. Kabla ya kucheza, ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe, mkanda uliolala miaka mingi hushikana. Kaseti za Video8 na Hi8 ni za analojia, lakini baadhi ya kamera za Digital8, zilizotoka kuanzia 1999, huzisoma na kuzitoa moja kwa moja kwa FireWire. Ukiipata kamera ya namna hiyo ikiwa nzima, usiiachie.

Na lifanye mapema. Vichwa vya kusomea mkanda vinaisha, na mafundi wanaovijua wanazidi kupungua.

Naweza kuitumia kurusha matangazo ya moja kwa moja?

Ndiyo, kama tundu lake la HDMI linatoa picha safi isiyo na maandishi ya menyu. Utahitaji pia kadi ya kunasa video inayounganisha HDMI na USB ya kompyuta. Baadhi ya kamera mpya zinaingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB tu.

Na Wi-Fi ya ndani?

Nzuri kwa kutumia simu kama rimoti kamera ikiwa kwenye stendi. Kwa kuhamisha faili ni mateso, chomoa kadi utumie kisomea kadi.

Nina dakika kumi dukani. Nizitumieje?

Ishike kwanza kabla ya kusoma chochote. Kidole gumba kinafikia kitufe cha kurekodi bila kutafuta? Ikiwa imezimwa, fungua skrini na uhesabu sekunde hadi ianze kurekodi, maana mtoto hasubiri. Nenda kona yenye giza kuliko zote, rekodi uso wa mtu na mwambie aseme jina lake. Hama haraka kutoka kitu cha karibu hadi cha mbali, uone fokasi inachukua muda gani kutulia, na kama inayumba mbele na nyuma kabla ya kutulia. Toka hadi mlangoni ukitembea. Kama wanaruhusu, rekodi kwenye kadi yako ukatazame nyumbani, skrini ndogo ya kamera huficha karibu kila kasoro.

Nitunzeje video zisipotee?

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Diski mbili za nje, moja ikikaa kwa ndugu, pamoja na hifadhi ya mtandaoni kwa zile zisizo na mbadala, zinatosha. Kadi na flashi si mahali pa kuweka kitu kwa miaka bila kuguswa. Usiifute kadi kabla hujafungua faili zilizonakiliwa na kuzitazama mwanzo, katikati na mwisho. Ukishaziona ziko salama, fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta.

Hariri nakala, tunza asili. Kwa kuhariri, Shotcut, Kdenlive na toleo la bure la DaVinci Resolve yanatosha kazi zote za nyumbani, ingawa hilo la mwisho linataka kompyuta yenye misuli.

Nimeshanunua. Nianze na mipangilio gani?

Zima zumu ya kidijitali. Washa utulizaji, isipokuwa kamera ikiwa kwenye stendi. Chagua fremu zinazoendana na umeme wa ulipo. Weka mistari ya kugawa skrini ili upeo wa macho usilale upande. Zima mlio wa vitufe, la sivyo utausikia mwanzoni mwa kila klipu. Na kabla ya yote hayo weka saa na tarehe, kisha uikague tena baada ya kuiacha kamera miezi kadhaa bila betri, kwa sababu nyingi husahau na kurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua mtoto huyo kwenye klipu ni yupi kati ya wale watatu.